Picha Ilianzia Ujiji, Ikamaliziwa London: Tuiamini kwa Kiasi Gani?

Wengi wetu tumeiona ile picha kwenye vitabu vya historia tangu shule ya msingi. Wazungu wawili wamesimama wakitazamana, kofia zinavuliwa, bendera ya Marekani iko nyuma, na waungwana wa Kiarabu wa mjini wamejipanga na kanzu na vilemba vyao. Ni Ujiji, mwaka 1871, Henry Morton Stanley anakutana na Daktari David Livingstone.

Sasa tuulize swali dogo tu: aliyeichora alikuwa amekaa wapi?

Alikuwa London. Mkutano ulipotokea hakukuwa na mchoraji. Stanley mwenyewe, kwa maelezo yake, alikuwa anapita katikati ya umati, hana nafasi ya kushika penseli. Picha ilitoka Agosti 1872 kwenye gazeti la Illustrated London News, miezi kadhaa baadaye na maelfu ya kilomita kutoka Ziwa Tanganyika. Na Stanley aliweka saini yake chini ya maneno ya kuithibitisha kwamba ni sahihi kana kwamba tukio lilipigwa picha kwa kamera. Yaani alijua kabisa kwamba wasomaji watakuwa na shaka.

Leo tuzungumzie kazi hii ya kuanza mchoro nje, kwenye upepo na jua, halafu kuumalizia ndani ya chumba. Inaonekana ni habari ya wasanii peke yao. Lakini kwa sisi tunaotaka kujua maji ya Ziwa Tanganyika yalifika wapi miaka 150 iliyopita, ni suala la ushahidi.

Kwa nini usimalize palepale?

Jaribu kukaa Katonga au Kibirizi jioni, ukitazama magharibi, uchore milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Tatizo la kwanza ni jua. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kivuli ulichokichora saa tisa alasiri si kivuli kilichopo saa kumi. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, na giza linaingia upesi. Ile rangi ya dhahabu juu ya maji unayoipenda inadumu dakika chache tu. Ukimaliza kuchanganya rangi, imeshaondoka.

Tatizo la pili ni hewa. Milima ya mbali inaonekana ya bluu kwa sababu molekuli za hewa hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu. Kiangazi kikikolea, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi vinaongezeka, ng'ambo inakuwa nyeupe-nyeupe, na siku nyingine Kongo huioni kabisa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi milima imesogea karibu, mabonde yake unayahesabu. Ni ziwa lilelile na mtu yuleyule, lakini picha ni mbili tofauti.

Tatizo la tatu ni rangi yenyewe. Rangi ya maji inakauka kwa maji kuondoka, kwa hiyo dakika chache zinatosha. Rangi ya mafuta haikauki namna hiyo. Mafuta ya mbegu za kitani yanachukua oksijeni kutoka hewani, molekuli zinashikana polepole, na tabaka moja linaweza kuchukua siku kadhaa kabla hujaweka lingine juu yake. Ukilazimisha, unapata tope.

Ndiyo maana, kwa karne nyingi, utaratibu ulikuwa kugawa kazi. Nje unachukua mistari, vipimo vya macho, na maelezo mafupi pembeni: "hapa kijani kilichokolea", "hapa mwanga mkali". Ndani unakaa na turubai kubwa na kuijenga picha. Mwingereza John Constable alichora vipande vidogo vya mafuta akiwa mashambani Suffolk, lakini picha yake maarufu ya gari la mkokoteni mtoni, The Hay Wain ya 1821, aliijenga London. Vifaa vilipokuwa vyepesi mambo yalianza kubadilika: vibati vya rangi ya maji vilivyo tayari kutumika vilienea miaka ya 1830, na Mmarekani John Goffe Rand akapata hataza ya mrija wa bati wa rangi ya mafuta mwaka 1841. Kuanzia hapo msafiri angeweza kubeba rangi zake ndani ya mkoba. Au, kwa msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mpagazi angezibeba.

Safari ya mchoro kutoka ziwani hadi kitabuni

Richard Burton na John Hanning Speke walilifikia ziwa Februari 1858. Hali yao ilikuwa mbaya. Burton alikuwa hawezi kutembea vizuri, miguu imekufa ganzi kwa ugonjwa. Speke alikuwa na maradhi ya macho, karibu haoni. Fikiria: mmoja wa watu wawili walioandikwa kwamba "waliona" Ziwa Tanganyika hakuwa anaona zaidi ya ukungu. Miaka miwili baadaye, 1860, kitabu cha Burton kuhusu maeneo ya maziwa kilitoka London kikiwa na picha ya rangi ya mitumbwi ikisafiri ziwani, safi na yenye mpangilio. Ugonjwa wote ule haumo.

Kati ya daftari la msafiri na ukurasa wa kitabu kulikuwa na mikono mingi. Zama hizo mchapishaji hakuwa na njia rahisi ya kuchapa mchoro wa penseli moja kwa moja pamoja na maandishi. Mchoraji wa kulipwa alichukua mchoro wa msafiri na kuuchora upya juu ya kibao cha mti mgumu sana. Alipaswa kuuchora kinyume, kushoto kuwa kulia, kwa sababu kibao kikipigwa muhuri kwenye karatasi picha inageuka. Kisha mafundi wachongaji walikwangua sehemu zote zitakazobaki nyeupe. Kwa picha kubwa za magazeti, kibao kilikuwa vipande vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Walivifungua, kila fundi akachonga kipande chake, halafu wakaviunga tena. Mtu mmoja alichonga wingu, mwingine kofia.

Katika vitabu vya safari za huku kwetu, jina linalojirudia ni Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi na kufanya kazi London. Alichora picha za kitabu cha Stanley cha kumtafuta Livingstone (1872), na kabla ya hapo za kitabu cha Speke cha 1863 kuhusu chanzo cha Nile. Hicho cha pili kina faida kubwa kwetu, kwa sababu picha zake nyingi zilitokana na michoro ya James Augustus Grant, mwenzake Speke, aliyechora kwa rangi ya maji njiani kuanzia Zanzibar kupitia Unyamwezi na Karagwe hadi Uganda. Michoro hiyo ya Grant ipo hadi leo, Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Kwa hiyo watafiti wanaweza kuweka cha nje na cha ndani kwenye meza moja.

Na ukiviweka hivyo, unagundua jambo. Anayemalizia ndani hajazi nafasi tupu tu. Anaongeza kile anachojua kutoka kwenye picha nyingine: ishara za mikono zinakuwa kubwa, umati unapata msisimko, na mti unasogezwa pembeni ili kuifunga picha vizuri. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa imekuwa kinyume: asiyekuwepo ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Wasafiri wenyewe walilijua hilo. Livingstone, kitabu chake cha kwanza kilipokuwa kinaandaliwa mwaka 1857, alimlalamikia mchapishaji wake John Murray kuhusu picha ya simba aliyemshambulia. Kwa maoni yake, mtu yeyote anayemjua simba angeicheka. Picha ilichapwa hivyohivyo.

Miti mitatu ya sokoni

Sasa twende kwenye kitu chenye uzito kwa watu wa Kigoma.

Stanley alirudi Ujiji mwaka 1876, miaka mitano baada ya kukutana na Livingstone. Aliandika kwamba miti mitatu, ya jamii ya mnazi na mchikichi, iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871, sasa ilikuwa ndani ya ziwa, kama futi 100 kutoka ukingo wa maji. Hiyo ni karibu mita 30. Na ule ufukwe wa mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea asubuhi ulikuwa umefunikwa, mbali zaidi ndani ya maji.

Hii ni data. Ziwa lilikuwa linapanda. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo, mahali ilipo Kalemie ya leo. Verney Lovett Cameron alipopita mwaka 1874 aliukuta umejaa majani na magugu. Stanley mwaka 1876 hakuona mto wenye mkondo wa maana. Miaka mitatu baadaye, 1879, Edward Coode Hore wa misheni ya London na Joseph Thomson, kila mmoja kwa safari yake, walikuta maji yanatoka kwa nguvu. Kizibo kilikuwa kimevunjika. Ziwa likaanza kushuka, na hadi kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Ndiyo maana leo ukienda kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji, chini ya miembe, unashangaa: ziwa liko wapi? Lipo, lakini inabidi utembee.

Rudi kwenye miti mitatu. Kwa Stanley aliyesimama ufukweni, miti ile ni kipimo: alijua ilikuwa wapi kabla, akaona ilipo sasa ukilinganisha na maji. Kwa mchoraji wa London, mti wa aina hiyo ulikuwa na kazi nyingine kabisa. Ulikuwa njia ya haraka ya kumwambia msomaji "hapa ni nchi ya joto". Ungeweza kuwekwa kushoto au kulia, mmoja au mitano, kadiri picha inavyotaka. Mtafiti akichukua picha ya kitabu na kupima umbali kutoka mti hadi maji, anaweza kuwa anapima ladha ya mtu aliyekaa London mbele ya kibao chake.

Hilo lina madhara ya kweli. Ziwa lilipanda tena baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Likapanda tena miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, nyumba na barabara za kandokando zikaingia maji kuanzia Bujumbura hadi kwetu. Mtu anayejenga karibu na maji anauliza swali la haki: ziwa hili, likiamua, linafika wapi? Kulijibu tunahitaji kumbukumbu ndefu kuliko vipimo vya kisasa. Tunahitaji tope la chini ya ziwa, maandishi ya wasafiri, kumbukumbu za wazee, na ndiyo, michoro. Lakini kila kimoja lazima kipimwe kwanza. Na hata tukijua alama ya 1878, hatuwezi kuihamishia leo moja kwa moja, kwa sababu maji yalipopasua Lukuga yalikula pia kitanda cha mto, na mlango wa sasa uko chini kuliko ule wa zamani.

Je, kilichomaliziwa ndani ni uongo?

Hapana, na hapa tusiharakishe. Kuna mfano mzuri kutoka Venice, Italia. Karne ya 18 mchoraji Canaletto alichora mifereji ya mji ule. Nje alitumia kamera obskura, kisanduku chenye lenzi kinachoangusha taswira ya majengo juu ya karatasi ili mistari ifuatwe kwa penseli. Kisha akaenda kumalizia kwa rangi ya mafuta studio. Mwaka 2003 mwanasayansi Dario Camuffo na mwenzake walichapisha utafiti ambamo walipima kitu ambacho watazamaji wengi hawakioni: ule mstari wa kijani wa mwani kwenye kuta, unaoonyesha maji kujaa yanafika wapi. Walilinganisha mstari wa kwenye picha na mstari wa kwenye kuta zilezile leo. Ulikuwa umepanda takriban sentimita 60.

Kwa nini picha ya studio iliaminika hapo? Kwanza, mistari ya majengo ilichukuliwa mahali penyewe kwa kifaa, na majengo bado yapo, kwa hiyo usahihi wake unaweza kukaguliwa. Pili, hakuna mtu mwenye sababu ya kudanganya kuhusu mwani. Haumpendezeshi mnunuzi, haumchukizi. Vitu ambavyo mchoraji hana maslahi navyo mara nyingi ndivyo vinavyobaki salama.

Kuna jambo la tatu: wakati mwingine chumba cha kumalizia kilikuwa na shahidi. Livingstone alifariki mwaka 1873, na Abdullah Susi na James Chuma pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake na karatasi zake hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 Susi na Chuma walikuwa Uingereza, wakimsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho kwa ajili ya kuchapwa. Walieleza mahali, watu na matukio, na walitengeneza hata mfano wa kibanda alimofia Livingstone. Hapo waliokuwepo walikaa chumba kimoja na waliokuwa wanamalizia. Majina yao hayapo kwenye orodha ya wachoraji, lakini kazi ile ina mkono wao.

Na chumba cha kumalizia si lazima kiwe Ulaya. Livingstone alipoishiwa karatasi kule Manyema mwaka 1871, aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa kujitengenezea kutokana na mimea. Baadaye alinakili habari zile kwa utulivu kwenye daftari lake kubwa. Yale maandishi ya awali yalififia hadi hayasomeki. Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilichapisha matokeo ya kupiga picha kurasa hizo kwa mwanga wa mawimbi tofauti, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, hadi wino ukatengana na chapa ya gazeti. Kulinganisha kulionyesha kwamba simulizi ya mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871, ilibadilika kati ya karatasi ya kwanza na daftari safi, hasa kuhusu mienendo ya watu wa msafara wake mwenyewe. Yaleyale ya mchoro: cha nje kina kasoro na haraka, cha ndani kimepangwa, na tofauti kati yao ndiyo inayotufundisha zaidi.

Namna ya kuisoma picha ya zamani ya ziwa

Basi ukikutana na picha ya zamani ya Ujiji, Bangwe au ufukwe wowote wa Tanganyika, usiitupe na usiimeze nzima. Itenganishe. Anza na mstari wa milima. Milima haijahama, kwa hiyo unaweza kuulinganisha na picha ya simu au data za setilaiti za mwinuko. Mstari ukikubaliana, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu alikaa pale na penseli. Usipokubaliana hata kidogo, basi kuwa mwangalifu na kila kilichoko mbele ya milima hiyo. Usisahau pia kuigeuza kama kwenye kioo, maana mchongaji akisahau kugeuza kibao, Kongo inahamia upande wetu.

Halafu tafuta vitu ambavyo havikuwa na faida kwa yeyote: alama ya maji kwenye mwamba, mtumbwi uliovutwa juu, mwanzo wa majani, umbali wa kibanda na ukingo. Mwisho, tazama watu na anga, ukijua kwamba hivyo ndivyo wachapishaji walivyoviuza. Hapo ndipo chumba cha London kilipofanya kazi kubwa zaidi.

Na sisi tunaweza kuwaachia wajao kitu bora kuliko tulichoachiwa. Ukiwa Kibirizi au Ujiji, piga picha ya ukingo wa maji ukiwa umesimama mahali palepale kila mwaka, ionekane nguzo au mwamba usiohama, na uandike tarehe. Kama unachora, chora. Malizia nyumbani ukipenda, ongeza mawingu utakavyo. Ila ule mchoro wa kwanza wenye vumbi na alama za vidole, usiutupe. Miaka 150 ijayo kuna mtu atautafuta huo kabla ya ule mzuri wa ukutani.